Kipi Kisinakiliwe? Maoni Kuhusu Nakala za Akiba za Kompyuta Shuleni

Kila mtu anayetumia kompyuta amekwisha kuambiwa, angalau mara moja, kwamba hana budi kuweka nakala ya akiba ya kazi zake, au nakala rudufu kama wengine waitavyo. Shauri hilo ni jema na halina mpinzani. Lakini likisha kukubaliwa huzuka mara moja swali la pili, ambalo halizungumzwi sana madarasani: katika maelfu na maelfu ya faili zilizomo ndani ya mashine, ni zipi zisizo na haja ya kunakiliwa? Mimi naona kwamba swali hili la pili ndilo gumu zaidi, na kwamba aghalabu hujibiwa kwa kutumia kipimo kisichofaa, yaani ukubwa wa faili.

Karani wa shule wa zamani, aliyeweka karatasi ya kaboni kati ya karatasi mbili na kupiga taipu, hakuwa na tatizo hili. Alichokiandika ndicho kilichonakiliwa, wala mashine yake haikuandika neno lolote bila yeye kujua. Kompyuta sivyo ilivyo. Yenyewe huandika saa zote inapokuwa inafanya kazi, hata mtumiaji akiwa amekwenda kunywa chai, na sehemu kubwa ya maandishi hayo haimhusu mwanadamu yeyote.

Tutazame mifano michache. Mfumo endeshi wa Windows huwa na faili iitwayo pagefile.sys, ambayo ni mahali pa kumwagia ziada kumbukumbu ya muda inapoelekea kujaa. Na nyingine iitwayo hiberfil.sys, ambamo kumbukumbu hiyo huandikwa mashine inapolazwa bila kuzimwa kabisa. Faili hizi mbili huweza kuchukua gigabaiti kadhaa kila moja, na zote mbili huundwa upya na mashine yenyewe pindi zinapohitajika. Kuzinakili ni kazi bure. Tena huenda zikawa na masalio ya maneno ya siri ambayo hayapasi kuzagaa katika diski nyingine. Katika Linux kuna folda ziitwazo /proc na /sys, ambazo kwa hakika si vitu vilivyomo diskini hata kidogo, bali ni dirisha la kutazamia hali ya mashine inapofanya kazi. Ndani ya /proc imo faili moja, kcore, ambayo katika kompyuta nyingi za siku hizi hudai kuwa na ukubwa wa terabaiti 128, hali diskini haikai hata baiti moja. Programu ya kunakili isiyoonywa huweza kuanza kuinakili na isimalize kamwe.

Kisha kuna kache, yaani ghala ndogo ambamo programu huweka kwa muda vitu ilivyokwisha kuvipata mara moja ili isihangaike kuvitafuta tena. Kivinjari cha intaneti, kwa mfano, huweka humo picha na vipande vya kurasa zilizosomwa. Vitu hivi ni vidogo vidogo lakini ni vingi sana, na kwa sababu hubadilika kila siku, kila nakala mpya ya akiba hulazimika kuvibeba upya. Mwaka 2004 mtaalamu wa kompyuta aitwaye Bryan Ford alipendekeza utaratibu mmoja wa busara: kila programu inayounda kache iweke ndani ya folda hiyo faili ndogo yenye jina CACHEDIR.TAG, inayoanza na saini maalumu. Programu ya kunakili ikiikuta saini hiyo, iiruke folda nzima. Programu kama tar ya GNU huweza kuagizwa ifanye hivyo. Naupenda utaratibu huu kwa sababu mwenye kutengeneza takataka ndiye anayetangaza kwamba ni takataka, na anayezoa halazimiki kukisia.

Mtu aweza kuuliza kwa nini tusinakili kila kitu tukaondokana na taabu hii. Hesabu itatujibu. Tuchukue kompyuta yenye gigabaiti 300 za faili, na diski ya nje iwezayo kuandika megabaiti 100 kwa sekunde. Kazi itachukua sekunde 3,000, yaani dakika 50, muda ambao mtu anaweza kuuvumilia. Lakini tukitaka kupeleka faili zizo hizo kwenye seva ya mbali kwa njia ya intaneti yenye kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, zitahitajika sekunde 2,400,000, nazo ni karibu siku 28. (Mwanafunzi akumbuke kwamba baiti moja ni biti 8; vinginevyo hesabu haitamkubali.) Kazi ya kunakili ichukuayo siku 28 haitafanywa na mtu, hasa mahali ambapo umeme hukatika. Kwa hiyo kuacha baadhi ya faili ni jambo la lazima, na aliyepunguza mzigo kwa busara atanakili mara nyingi zaidi kuliko yule anayebeba yote.

Taabu huanza pale tunapomaliza kuondoa yale yaliyo dhahiri na bado mzigo ukawa mkubwa. Hapo watu wengi huzipanga faili kwa ukubwa, wakaanza kukata kutoka juu.

Kwamba kipimo hicho si salama kulidhihirika nchini Korea Kusini tarehe 26 Septemba 2025. Siku hiyo moto ulizuka katika kituo cha kompyuta cha serikali mjini Daejeon, wakati wa kazi ya kuhamisha betri za lithiamu. Miongoni mwa mifumo iliyoteketea ulikuwamo ule ulioitwa G-Drive, ambamo watumishi wa serikali walikuwa wakihifadhi faili zao za kazi, kila mmoja akiwa ametengewa gigabaiti 30. Vilivyopotea ni vitu vya ukubwa wa terabaiti 858. Mifumo mingine ya kituo hicho ilikuwa na nakala mahali pengine. G-Drive haikuwa nayo, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa hifadhi kubwa mno, yenye kasi ndogo, ambayo kwa umbile lake haikuweza kunakiliwa nje. Iliyoumia zaidi ni wizara inayoshughulikia watumishi wa umma, ambayo ilikuwa imewataka watumishi wake waweke kazi zao zote humo.

Terabaiti 858 ni nyingi, lakini si za kutisha. Diski za terabaiti 20 zinauzwa madukani. Diski 43 zingetosha kuzibeba. Sisemi kwamba kazi ya kunakili faili zinazobadilishwa kila saa na maelfu ya watu ni rahisi kama kujaza diski 43 na kuzipanga rafuni. Nasema tu kwamba mahali fulani, siku fulani, palikuwa na uamuzi wa kuuacha mfumo huo nje ya nakala, na sababu ya uamuzi huo ilikuwa ukubwa wa kilichomo, si umuhimu wake. Lau wangeulizwa watumishi wenyewe ni kitu gani kiachwe, sidhani kwamba wangechagua hicho.

Swali lifaalo kuulizwa juu ya kila folda ni hili: ikipotea leo, nani ataitengeneza tena, kwa kutumia nini, na kwa muda gani? Likijibiwa kwa maneno yaliyo wazi, folda iachwe bila hofu. Lisipojibika, folda inakiliwe, iwe kubwa au ndogo.

Tuseme wanafunzi wa kidato cha tatu wametumwa na mwalimu wao kurekodi ngano na methali kutoka kwa wazee wa kijiji. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa kawaida wa diski za muziki, bila kubanwa, ni kama megabaiti 635. Maneno yale yale yakiisha kuandikwa na mwanafunzi hayazidi kilobaiti 100. Kwa kipimo cha ukubwa, sauti itaachwa na maandishi yatawekwa, kwa kuwa sauti ni kubwa zaidi ya mara elfu sita. Lakini maandishi yaweza kupatikana tena kwa kuisikiliza sauti, ilhali sauti haiwezi kupatikana kutokana na maandishi. Na mzee mwenyewe huenda akawa amekwisha kufariki. Anayeiacha sauti amekiacha kile ambacho hakuna fundi, wala mwalimu, wala serikali iwezayo kukirudisha.

Wanasayansi wakubwa wamewahi kufikwa na jambo la namna hiyo. Mwezi Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, kamera yake ilileta picha kwa mpango wake maalumu wa mistari 320, picha 10 kwa sekunde. Televisheni za Marekani zilitumia mistari 525 na picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo picha zilibadilishwa katika vituo vya kupokelea, zikapungua ubora, na hizo zilizopungua ndizo zilizotangazwa duniani na kuhifadhiwa sehemu nyingi. Zile za asili zilirekodiwa kwenye kanda za sumaku pamoja na habari nyingine za chombo. Miaka ilipopita kanda zikawa haba, nyingi zikafutwa ili zitumike tena. Na mwaka 2009 shirika la NASA, baada ya kuzitafuta kwa muda mrefu, lilitangaza kwamba yamkini kanda hizo nazo zilifutwa. Kilichobaki ni kile kilichotokana na asili, si asili yenyewe. Mwalimu wa fizikia anayehifadhi jedwali la wastani wa vipimo na kuacha vipimo vyenyewe anafanya hivyo hivyo kwa kiwango kidogo, kwa kuwa wastani hukokotolewa tena kwa dakika moja, lakini vipimo vya asubuhi iliyopita havipimiki tena.

Kipimo hiki cha kutengenezeka upya hakitoi jibu moja kwa watu wote, na hapa natofautiana na miongozo mingi iandikwayo ng'ambo. Humo husemwa kwamba folda ya vitu vilivyopakuliwa kutoka intaneti iachwe, kadhalika na programu za kusakinisha, kwa kuwa vyote vyapatikana tena wakati wowote. Kwa mtu mwenye intaneti ya kasi isiyohesabiwa, hilo ni kweli. Kwa shule inayonunua intaneti kwa bando si kweli. Programu ya gigabaiti 4 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde huchukua karibu saa tisa kupakuliwa, iwapo mtandao hautakatika katikati, na gharama yake huenda ikala fedha za chaki za muhula mzima. Vitabu vya kiada vilivyokusanywa na mwalimu kwa miaka mitatu, kimoja kimoja, kila alipokwenda mjini, navyo vimo katika folda hiyo hiyo ya upakuaji. Shule ya namna hiyo ninaishauri ivinakili vyote viwili, vitabu na programu, hata kama wataalamu wa mbali wataona ni upuuzi.

Sasa nigusie hatari nyingine ambayo ni ya kimya zaidi, nayo ni ya kuchagua kwa majina. Programu nyingi za kunakili humruhusu mtumiaji kuandika kanuni fupi, kwa mfano kwamba kila folda iitwayo temp iachwe, kwa kuwa jina hilo kwa desturi ni la vitu vya muda. Kanuni hiyo ikitumiwa katika shule yenye kituo cha hali ya hewa, ambako mwanafunzi ameita folda yake temp akifupisha neno la Kiingereza la halijoto, vipimo vya mwaka mzima vitarukwa kila usiku bila onyo lolote. Mashine haitofautishi halijoto na takataka. Jina ni moja.

Wala huu si mfano wa kubuni tu kwa ajili ya kutisha. Programu iitwayo CVS, iliyotumiwa sana na waandishi wa programu katika miaka ya 1990, ilikuwa na orodha yake ya majina ya kupuuzwa, na humo yalikuwamo core, tags, na kila jina linaloishia kwa .old au .bak. Programu ya kunakili ya rsync, ambayo ingali inatumika sana, huweza kuagizwa ifuate orodha kama hiyo kwa kuongeza herufi moja tu katika amri. Kwa mwandishi wa programu orodha hiyo ina maana yake. Kwa mwalimu wa taaluma ambaye kila muhula hubadilisha jina la faili ya matokeo iliyopita na kuliishia .old, ni hasara inayongoja siku yake. Ndiyo maana nashikilia kwamba folda iachwe kwa kutaja njia yake yote, kuanzia mzizi wa diski hadi mahali ilipo, wala isiachwe kwa jina lake la mwisho pekee.

Kinyume cha hatari hiyo ni folda zilizofichwa. Windows humwekea kila mtumiaji folda iitwayo AppData, ambayo kwa kawaida haionekani, na ndani yake zimejaa kache na vitu vya muda. Mtu akiona ukubwa wake hushawishika kuiacha yote. Lakini humo humo, katika kifolda cha Roaming, programu ya baruapepe ya Thunderbird huweka barua zote zilizohifadhiwa katika mashine, pamoja na anwani. Folda ya namna hii hukatwa vipande: sehemu za muda ziachwe, sehemu ya barua ibaki. Hifadhidata nazo zina adabu yake. Maktaba inayotumia programu ya Koha haipaswi kunakili faili ghafi za hifadhidata wakati inafanya kazi, kwa kuwa huenda nakala ikachukuliwa katikati ya badiliko ikawa haisomeki. Kwanza hutolewa nakala ya maandishi ya hifadhidata nzima, hiyo ikanakiliwa, na hapo ndipo faili ghafi zinapoweza kuachwa. Nimeona watu wakifuata nusu ya pili ya shauri hili na kuisahau ya kwanza.

Kuna wanaosema kwamba njia ya kukwepa matatizo haya yote ni kutoandika kabisa orodha ya vinavyoachwa, bali kuandika orodha ya vinavyonakiliwa: Nyaraka, Picha, Eneokazi, basi. Programu kadhaa zimejengwa hivyo; ile ya File History, iliyoanza na Windows 8 mwaka 2012, hunakili maktaba za mtumiaji, eneokazi, na sehemu chache nyingine. Njia hiyo ni nyepesi, na siipendi. Mwanadamu husahau, kwa hiyo yafaa tujiulize usahaulifu utaangukia upande gani. Anayetumia orodha ya vinavyoachwa akisahau kuiandika folda fulani, hasara yake ni gigabaiti kadhaa za takataka zilizonakiliwa bure. Anayetumia orodha ya vinavyonakiliwa akisahau folda moja, kwa mfano MATOKEO ambayo mwalimu mpya ameiunda moja kwa moja kwenye diski C, hasara yake ni matokeo.

Wapo pia wanaotaka faili zenye habari za siri za wanafunzi, kama vile za afya au za nidhamu, ziachwe nje ya nakala ili zisiibiwe. Hoja yao ina uzito, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinatutaka tuwe waangalifu. Lakini kuzilinda faili maana yake ni pamoja na kuzilinda zisipotee. Zinakiliwe, ila nakala yake ifungwe kwa nywila na diski iwekwe kabatini.

Limebaki suala la nani aamue. Mara nyingi kazi hii huachiwa fundi wa kompyuta, au kijana mmoja wa kidato cha tano mwenye kipaji, naye huamua kwa yale anayoyaona, yaani majina na ukubwa. Hawezi kujua kwamba folda yenye jina la ajabu ni ya mitihani ya majaribio, wala kwamba ile iliyoandikwa MUHIMU SANA haijafunguliwa kwa miaka minne. Fundi aoneshe kilichomo. Anayeamua awe yule atakayelia kitu kikipotea. Na uamuzi wenyewe uandikwe katika daftari la kawaida la karatasi, lisilotegemea umeme: ni kitu gani kimeachwa, kwa nini, na kitapatikana wapi kikihitajika. Mali bila daftari huisha bila habari, na faili ni mali. Nafasi ya tatu katika daftari hilo, ile ya mahali pa kukipatia, ndiyo yenye kufichua mengi, kwa sababu hapo ndipo mtu hukaa na kalamu mkononi akagundua kwamba hana la kuandika.

Kwa mwalimu apendaye kulifanya jambo hili kuwa zoezi la darasa, nashauri hivi. Wanafunzi wagawanywe makundi mawili. Kundi la kwanza liandike orodha ya vinavyoachwa na kutengeneza nakala ya akiba ya kompyuta moja ya shule. Kundi la pili lipewe nakala hiyo pamoja na kompyuta nyingine isiyo na kitu, bila kuruhusiwa kuigusa ile ya kwanza, nalo liambiwe litoe ripoti ya maendeleo ya darasa moja, lifungue barua ya mwaka uliopita, na kuchapa mtihani mmoja wa zamani. Kila watakapokwama, waandike ni kitu gani kilikosekana na kilikuwa katika folda gani, kisha daftari lisahihishwe. Zoezi hilo lifanywe mapema, kabla ya wiki za mitihani ya kufunga muhula, kwa kuwa baada ya hapo alama za shule nzima huwa zimekusanywa ndani ya mashine moja.